Uzi wa Mafundo Thelathini na Sita

Jumatatu, tarehe 12 Novemba mwaka 1956, saa mbili na nusu asubuhi, Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, haikuwa na upepo. Kusi ilikuwa imekwisha na kaskazi haijaingia. Manyunyu ya alfajiri yalikuwa yamekwisha kukauka, na joto lilikuwa limekaa katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani kama mgeni asiyejua kuaga. Saa hiyo inspekta mmoja na askari wawili waliingia nyumbani kwa Bi Nana, mkunga, bila ya kupiga hodi.

Swafiya, binti yake, alikuwa ameketi uani akidarizi kofia. Alivuta mtandio kwa haraka na sindano ikamchoma kidole. Mama yake hakusimama. Alikuwa akichambua mchele, na aliendelea kuuchambua.

"Hodi ni neno moya tu, bwana," alisema Bi Nana. "Serikali imewakataza kulitamka?"

Inspekta Obeid alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Malindi, na maneno hayo yalimpata. Alirudi nyuma hadi mlangoni, akapiga hodi, akangoja.

"Karibu. Sasa umeingia nyumba ya watu. Sema lililokuleta."

Inspekta alisoma karatasi. Bi Nana binti Mohdhar alishitakiwa kwamba katika mwezi wa Oktoba alimpa Kadija, mke wa Badawi mshona makubadhi, dawa, hali akijua kwamba dawa hiyo imekusudiwa kutoa mimba kinyume cha sheria. Adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kesi ingesikilizwa Alhamisi.

"Kadija ametoka zahanati?" aliuliza Bi Nana.

"Ametoka juzi. Yuko kwake."

"Anakula?"

Inspekta alitazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Sijui, Bi."

"Basi hilo ndilo ungaliuliza kwanza."

Habari zilikuwa zimefika polisi kwa njia fupi. Kadija alitokwa na damu siku tatu. Siku ya nne Badawi na jirani zake walimbeba juu ya kitanda hadi zahanati ya serikali. Mganga msaidizi alimwuliza amekula nini, naye, kwa homa, akajibu: "Dawa ya Bi Nana." Mganga aliandika maneno hayo kitabuni, kwa sababu kitabu kina safu ya maneno hayo. Wiki iliyofuata kitabu kilisomwa na aliyepaswa kukisoma.

Askari walipekua. Walichukua gudulia la mizizi mikavu na kifurushi cha majani. Kisha mmoja wao akasimama mbele ya ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambamo watu huweka vyombo vyao vya thamani. Kando ya zidaka kulikuwa na mambo ya mti, vigingi vilivyopigiliwa ukutani, na juu yake zilining'inia nyuzi za pamba, ndefu na fupi, nyeupe, nyekundu, na za rangi ya samawati. Zote zilikuwa na mafundo.

"Hizi nini?"

"Nyuzi," alijibu Swafiya.

Askari alizitazama nyuzi, akaitazama kofia mapajani mwa Swafiya, akaridhika. Walimchukua Bi Nana kwa miguu hadi Ngomeni, palipokuwa na jela. Alitembea katikati yao kwa buibui lake, na wanaume waliokaa barazani waliinamisha nyuso ili wasionekane wakimtazama. Wengi wao yeye ndiye aliyewapokea duniani.

*

Hamdun, kaka yake Swafiya, aliuza vitambaa katika duka la mtu mwingine huko Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Jumanne adhuhuri alirudi nyumbani, akaketi bila ya kuvua viatu.

"Wakili wa Mombasa amejibu kwa simu," alisema. "Shilingi mia nane, na hana nafasi kabla ya Januari."

"Kesi ni Alhamisi."

"Nilimwambia. Labda Alhamisi ya Mombasa huja Januari."

Swafiya hakucheka. Alimwekea wali na mchuzi wa papa, naye akaisogeza sahani upande bila ya kuigusa.

"Nimekwenda pia kwa Kadhi," aliendelea Hamdun. "Nilimsubiri mpaka darasa likaisha. Nimemweleza yote, bila ya kuficha."

"Amesemaye?"

"Amefunga kitabu kwanza. Kisha amesema wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako wakatazao tangu siku ya kwanza. Wako wasemao, kabla ya siku arubaini, na kwa hofu ya roho ya mama, mtu asiitwe muuaji. Akasema: 'Mimi sipendi jambo hilo. Lakini kama ni chini ya arubaini, na kama mama angalikufa, sithubutu kumhukumu.'"

Swafiya aligeuka akautazama ukuta.

Kila mwanamke aliyekuwa mikononi mwa Bi Nana alikuwa na uzi wake. Mwanamke alipokuja kusema kwamba ada yake imechelewa, Bi Nana alimwuliza siku aliyojitoharisha mara ya mwisho. Alifunga fundo moja kwa kila siku iliyopita tangu siku hiyo, na baada ya hapo fundo moja kila asubuhi, akimaliza nyiradi za sala ya alfajiri. Mtoto alipozaliwa, uzi ulitiwa ndani ya kitambaa cheupe, akapewa mama. Mimba ilipotoka kwa kadari ya Mungu, ncha iliachwa wazi na uzi ukazikwa. Lakini zilikuwapo nyuzi nne ambazo ncha zake zilikatwa na kutiwa nta. Hizo hazikutoka nyumbani. Katika miaka thelathini ya kazi zilikuwa nne tu. Swafiya aliwahi kuuliza habari zake alipokuwa msichana.

"Hizo ndizo zangu," mama yake alimjibu. "Hazikwenda kwa kadari tupu. Nilitia mkono. Siku nitakapoulizwa, sitaki kusema nimesahau."

Uzi wa mwisho kutiwa nta ulikuwa wa Kadija. Swafiya aliuvua ukutani, akauhesabu kwa kidole gumba mbele ya kaka yake. Mafundo thelathini na sita.

"Thelathini na sita," alisema. "Hamdun, hesabu ndiyo hii."

"Kadhi alisema neno jengine," alisema Hamdun taratibu. "Alisema kesi haiko kwake. Kwake ni ndoa, talaka na mirathi. Hii iko kwa Disii, mkuu wa wilaya."

"Disii hataki kweli?"

"Bendera pale ufukweni ni ya Sultani, Swafiya. Jela ni ya Mngereza."

"Hata Mngereza ajua kuhesabu."

*

Alasiri alimpelekea mama yake chakula Ngomeni. Askari wa mlangoni alifunua kawa, akachoma mkate wa mofa kwa kidole, mkate mmoja baada ya mwingine, akitafuta kitu ambacho hakukitaja. Kidole chake kilikuwa na wino.

"Huo wa juu muachie yeye," alisema Bi Nana alipoletewa. "Amekwisha kuupiga mhuri."

Aliketi juu ya mkeka, mgongo umenyooka. Aliuliza habari za nyuzi kabla ya kuuliza habari za nyumba. Wanawake sita walikuwa na mimba mjini, na mafundo yao hayakuweza kungoja hukumu.

"Wa samawati usimsahau. Yule ana mapacha, Mungu akipenda. Atatangulia wenzake."

"Nimefunga zote, mama. Kortini utasema nini?"

"Sitasema."

"Hata neno?"

"Mizizi ile ile huwapa wenye tumbo la kukata. Muyi mzima wajua. Wao wasema nilijua imekusudiwa nini. Vyema. Nani aliyeingia moyoni mwangu? Wathibitishe."

"Lakini kunyamaza ni kama kukiri."

"Kwa nani? Mimi sikusema sina kosa, mwanangu. Nasema sina kosa la kwao. Langu nimeliandika, na mwenye kulisoma yuko. Hawa hawakutajwa."

Swafiya alikuwa na uzi ndani ya kifuko cha buibui. Aliushika kwa juu ya kitambaa na hakuutoa. Alijua kwamba akiuliza, ataambiwa hapana. Kwa hiyo hakuuliza.

*

Njia ya pili ilikuwa kwa Kadija mwenyewe. Jumatano asubuhi Swafiya alikwenda mtaa wa Langoni. Badawi alikuwa mlangoni pake, ameshika msharasi, akitoboa ngozi ya kubadhi. Alimwona akija, na akaendelea kutoboa mahali palipokwisha kutobolewa.

"Bwana Badawi, nimekuja kumjulia hali Kadija."

"Hajambo."

"Nimekuja pia kwa jambo jengine."

"Hilo jengine nimelijua tangu ulipopinda kona."

Alimkaribisha hata hivyo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Kadija alikuwa amelala kitandani, uso wake umepauka kama chokaa ya zamani. Alijaribu kuinuka. Swafiya alimzuia, akakaa kando yake, na Badawi akasimama mlangoni na msharasi wake.

"Kesho wanamhukumu mama," alisema Swafiya. "Hakuna ajuaye yaliyokupata isipokuwa nyinyi wawili. Katika uzazi wa mwisho wewe ulivimba, ukapigwa na kifafa, ukalala siku mbili bila ya kumjua mtu. Daktari yule aliyehamishwa aliwaambia mimba nyengine itakuua. Semeni hayo tu."

"Daktari hakuandika," alisema Badawi. "Alisema kwa mdomo, akaondoka na mdomo wake."

"Wewe ulisikia."

"Nilisikia. Na Inspekta naye nimemsikia. Ameniambia sheria ina kifungu cha mwanamke mwenyewe. Miaka saba, Bi Swafiya. Mama yako ni mitatu, wangu ni saba! Mradi hakusimama kusema kwamba aliitaka dawa, hawatamshitaki. Akisimama kumtetea mama yako, atakuwa amejishitaki kwa mdomo wake."

Hilo Swafiya hakulijua.

"Nina watoto watano," alisema Badawi. "Mdogo hajui hata kujifunga kikoi. Mama yako amemponya mke wangu, nami sikatai. Nitamwombea dua mpaka nife. Lakini mke wangu simtoi."

"Kadija?"

Kadija aligeuza uso ukutani. "Ameniapia talaka," alisema. "Nikitia mguu kortini, nimeachika. Amesema mbele ya mamake."

Msharasi ulianguka sakafuni. Badawi hakuuokota.

"Ningefanyaje?" aliuliza, na haikujulikana anamwuliza nani. "Nimetumia nilichokuwa nacho."

Swafiya alimfunika Kadija shuka, akaaga. Njiani aliingiza mkono kifukoni. Sasa palikuwa na njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa mkononi mwake.

*

Siku ya Alhamisi mahakama ilikaa saa tatu, katika ofisi ya Bwana Disii, ambaye siku za kesi ndiye aliyekuwa hakimu. Alikuwa Mzungu mwembamba mwenye shingo nyekundu, na alisikiliza kwa uangalifu. Karani Kamaludin, mwenyeji wa Mombasa, alikuwa mkalimani. Wanawake walisimama nyuma, kundi moja jeusi la mabuibui, na wanaume walijaza viti.

Bi Nana aliulizwa kama anakiri kosa.

"Sina kosa la kwenu," alisema.

Kamaludin alifikiri kidogo, kisha akafasiri kwamba mshitakiwa anakana. Hakimu aliandika.

Mganga msaidizi alikuja na kitabu chake. Hakimu alimwuliza kama mgonjwa alikuwa na homa alipotaja dawa. Alikuwa nayo. Alikuwa akijua anachosema? Mganga hakuweza kuapa. Inspekta Obeid alileta gudulia la mizizi. Hakimu alilifungua, akanusa, akalifunga.

"Mizizi hii hutumiwa kwa jambo jengine?"

Mganga alikiri kwamba hata mama yake mzazi huitumia kwa tumbo.

Kicheko kidogo kilipita katika viti. Hakimu aliweka kalamu chini, akamwambia Inspekta, na Kamaludin akafasiri kwa ajili ya mshitakiwa, kwamba kosa hili haliko katika kutoa mizizi bali katika kujua. Upande wa mashitaka ulikuwa na ushahidi gani kwamba mwanamke huyu alijua Kadija ana mimba, na kwamba alikusudia itoke?

Inspekta alipekua karatasi zake. Hakuwa na shahidi mwingine. Ilikuwa saa nne na robo. Hakimu alimwuliza mshitakiwa kama ana la kusema. Bi Nana alitikisa kichwa. Ana shahidi?

"Hana," alisema Hamdun kutoka vitini.

"Yuko," alisema Swafiya.

Bi Nana aligeuka kwa ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kugeuka.

Swafiya alitembea mbele. Alisimamishwa mahali pa shahidi, na Kamaludin akasema kwa sauti ya chini, bila ya kumtazama: "Bwana hakimu anataka kuuona uso, ili ajue ni nani anayeapa."

Wanaume wa mji walikuwa mbele yake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona uso wake tangu alipovunja ungo, isipokuwa kaka yake. Aliinua kitambaa. Wengi waliinamisha macho na baadhi hawakuinamisha. Aliweka mkono juu ya Msahafu, akaapa.

"Kuna hesabu," alisema, na akautoa uzi. "Mimba ilikuwa ya siku thelathini na sita. Haikufika arubaini. Hesabuni wenyewe."

Kamaludin alisita. Alimtazama Swafiya kama mtu amtazamaye mtoto aliye ukingoni mwa kisima. Lakini alikuwa ameapishwa naye pia, na alifasiri.

Hakimu aliunyosha uzi juu ya meza. Alihesabu mafundo yote, midomo ikicheza. Kisha akauliza ni nani aliyeyafunga.

"Mama yangu."

"Lini?"

"Ya siku zilizopita kwa mara moya, kisha kila siku fundo moya, tangu alipokuja Kadija kwake."

"Kwa hiyo alijua kwamba Kadija ana mimba."

"Alijua. Na alijua ni changa."

Inspekta Obeid aliacha kupekua karatasi. Hakimu aliinua ncha ya uzi, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni nini hapa mwisho?"

Hapo Swafiya alielewa. Alielewa yote kwa pamoja, na mkono wake ulikuwa bado juu ya Msahafu.

"Nta," alisema.

"Inaonyesha nini?"

Hakimu alirudia swali, na Kamaludin akalirudia, kwa upole zaidi kuliko lilivyoulizwa. Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, wa maneno mawili: ya kuzuia kufumuka. Aliutazama Msahafu.

"Kwamba alitia mkono," alisema.

Inspekta alisimama. "Ziko nyuzi nyengine zenye nta?"

"Usimuulize mwana!" Sauti ya Bi Nana ilijaza chumba. "Amekwisha kuapa, na hajui kusema uongo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea. Niulize mimi. Ziko tatu. Ya kwanza ni ya mwaka wa njaa."

"Za nani?"

"Uzi hauna ina, bwana."

"Wewe unayajua majina."

"Nayajua. Na nitarudi nayo mavumbini."

Hakimu aligonga meza. Kisha alizungumza kwa muda mrefu, akisimama kila mara ili Kamaludin amfuate. Alisema amesikia kwamba katika dini ya mji huu siku zina maana. Katika sheria ya Koloni hazina. Sheria haikuuliza siku arubaini wala nne. Haikuuliza hata kama mwanamke alikuwa na mimba kweli. Iliuliza kama mtoaji wa dawa alijua imekusudiwa nini. Kulikuwa na kinga kwa anayepasua kwa nia njema na kwa ustadi ili kuokoa maisha ya mama, lakini kinga hiyo, kama alivyoisoma, ilikuwa ya upasuaji, si ya mizizi, na hakuna aliyesimama mbele yake kusema kwamba maisha ya mama yalikuwa hatarini.

Alingoja kidogo aliposema hayo. Alitazama viti, kisha akatazama kundi la wanawake. Badawi hakuwapo.

"Miezi kumi na minane," alisema hakimu, na akauweka uzi ndani ya bahasha.

*

Hamdun alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alivua kofia, akaitundika, akaivaa tena.

"Kamaludin amenisimamisha ngazini," alisema. "Amesema hakimu alikuwa ameanza kuandika. Amesema lilibaki neno la mwisho tu, nalo lilikuwa kuachiliwa."

"Kwa nini umeniambia?"

"Ili usiambiwe na watu wa nde, njiani."

Swafiya alikwenda Ngomeni. Askari yule yule alifunua kawa, na safari hii hakuchoma kitu. Bi Nana alikuwa ameketi pale pale mkekani. Swafiya alipiga magoti, akashika miguu ya mama yake.

"Inuka," alisema Bi Nana. "Sakafu hii ni chafu."

"Nilidhani hesabu itakuokoa."

"Hesabu ilikuwa sahihi. Ulikwenda kuwaonyesha watu wasiouliza siku."

"Niapize, mama. Nipige. Sema neno."

Bi Nana alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, na uchovu ulikuwa umeingia usoni ambao asubuhi haukuwapo.

"Neno ninalo," alisema. "Juzi ulikuja hapa na uzi kifukoni. Niliuona mkono wako ulipoushika. Nikasema moyoni, ataniuliza. Hukuniuliza. Kuwapa ule uzi ni kosa la kutojua, hilo nimekusamehe. Kutoniuliza si kutojua. Hilo litwae mwenyewe."

"Nami niende nalo wapi?"

"Kila mtu ana mambo ukutani pake." Alisogeza sahani ya chakula karibu. "Wa samawati umemfungia leo?"

Swafiya alikuwa amesahau. Ilikuwa mara ya kwanza uzi kurukwa katika nyumba ile.

"Nenda basi," alisema mama yake. "Yua halijazama. Leo bado ni leo."

*

Haya ndiyo waliyoyafanya baada ya hapo.

Bi Nana alivushwa Mokowe kwa mashua Jumamosi asubuhi, akapandishwa lori la Mombasa.

Inspekta Obeid alikuja kuzichukua zile nyuzi tatu. Alipiga hodi mara tatu na akangoja. Aliuliza majina mara moja, kama kazi ilivyomtaka, na hakuuliza tena.

Kamaludin alimwandikia Hamdun rufani bila ya kutia sahihi yake, na hakuchukua malipo.

Kadija aliweza kutembea baada ya siku kumi. Siku ya kumi na moja alijitanda buibui, akamkabidhi mama mkwe mtoto mdogo, akapita mbele ya mume wake aliyekuwa akishona, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Disii. Alieleza uvimbe, kifafa, maneno ya daktari, na kwamba dawa aliitaka yeye. Alitia dole gumba chini ya maelezo. Kwa hatua ile aliachika.

Inspekta alifungua faili la Kadija, akaliweka juu ya kabati, na halikuteremshwa.

Badawi alimrejea mke wake kabla ya eda kwisha, mbele ya mashahidi wawili. Siku hiyo hiyo, asije akampa mimba nyengine, alihamishia kitanda chake mwenyewe ukumbini, na huko ndiko alikolala miaka yote iliyofuata.

Majaji wa Mombasa walisoma maelezo ya Kadija, wakapunguza kifungo kuwa miezi sita. Sheria yenyewe hawakuigusa.

Hakimu aliomba apelekewe mkunga mwenye cheti. Alijibiwa kwamba ombi lake limepokewa. Alihamishwa kabla ya jibu la pili.

Bi Nana alirudi mwezi wa Mei, amekonda, na hakumzalisha tena mtu yeyote. Aliomba arudishiwe nyuzi zake nne. Aliambiwa ni mali ya mahakama.

Swafiya alizifunga nyuzi za wanawake sita kila asubuhi mpaka walipojifungua wote, wa samawati akitangulia na mapacha wake. Mama yake aliporudi na kunyimwa nyuzi, Swafiya alikaa uani siku nzima na pamba nyeupe. Alifunga mafundo thelathini na sita, kisha akafunga nyuzi tatu nyingine kama Bi Nana alivyomtajia hesabu zake kwa kichwa. Alizitia nta na kuzirudisha mahali pake, ili siku ya kuulizwa zisikosekane.

Kisha, kwa lile lake mwenyewe, akakata kipande kifupi cha uzi, akafunga fundo moja tu, akaitia nta ncha yake, akakitundika mwisho wa safu.